Kumpa Maoni Mhariri Mpya wa Wikipedia Asikimbie: Mwongozo kwa Wahariri Wenyeji

Kila tukimaliza mafunzo ya Wikipedia ya Kiswahili hapa Mwanza, simu yangu hujaa maswali yale yale kwa wiki mbili mfululizo. Wanaouliza ni wahariri wa mwaka mmoja au miwili, wale tuliowaomba wawashike mkono wenzao wapya. "Makala yake haina chanzo hata kimoja, niifute au nimwambie?" "Nimemwandikia tangu Jumatatu, kimya." "Huyu ni mtu wa umri wa baba yangu, namkosoaje?" Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mara nyingi mno. Sasa naandika, ili ukikwama usome hapa.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: maoni unayompa mhariri mpya yaishie kwenye kazi moja ndogo anayoweza kuimaliza leo, kwa simu yake, kwa bando alilonalo. Ukimaliza kuandika maoni na ukaona kazi hiyo haimo, usiyatume kwanza.

Unachohitaji

- Akaunti yako, na uwe umeingia. Maoni yasiyo na jina la mtu humtisha mgeni.
- Nusu saa uliyotulia. Usifanye kazi hii ukiwa ndani ya daladala ya Igoma, maana utaandika kwa mkato na mkato husomeka kama ukali.
- Uwezo wa kufungua historia ya ukurasa na kulinganisha matoleo mawili. Kama hujawahi, fungua makala yoyote ujaribu sasa hivi. Kila badiliko limehifadhiwa pale na saa yake.
- Makala mbili tatu fupi na safi za kumwonyesha kama mfano. Chagua za ukubwa anaoweza kuufikia, kwa mfano ya kata au ya samaki mmoja. Ukimwonyesha makala ndefu ya Tanzania atakata tamaa.
- Vyanzo vya kanda yetu unavyovijua tayari: matokeo ya sensa ya 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, machapisho ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania yenye kituo hapa Mwanza, ripoti za Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, na magazeti.

Hatua ya 1. Soma yote, kisha angalia saa

Soma makala yake mpaka mwisho kabla hujagusa kitu. Halafu fungua historia uangalie alihifadhi lini mara ya mwisho. Wengi wetu huku tunaandika kwa simu, na tunahifadhi kidogo kidogo kwa hofu ya umeme au bando kukata. Unachokiona kama makala ya mistari miwili isiyo na maana huenda ni ya mtu ambaye bado anaandika.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili wa kuhariri nilikuta mistari miwili kuhusu kisiwa kimoja kidogo cha ziwani, nikabandika alama ya pendekezo la kufutwa. Baadaye nikatazama saa: zilikuwa zimepita dakika tatu tu tangu ahifadhi. Alikuwa binti aliyetoka kwenye mafunzo yetu siku ile ile, na aya ya tatu alikuwa anaichapa wakati mimi nabandika alama yangu. Nilimwomba radhi kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Akaunti ile haijahariri tena mpaka leo, na kisiwa kile bado hakina makala.

Kwa hiyo, kama hajafikisha saa moja tangu ahifadhi, muache. Rudi jioni au kesho.

Hatua ya 2. Tenga yasiyosubiri

Mambo matatu hayasubiri salamu. Ondoa kwanza, kisha mwandikie ndani ya saa hiyo hiyo ukieleza ulichoondoa na sababu:

1. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka gazeti, kitabu au tovuti nyingine. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuyatumia tena, hata kibiashara, na gazeti halikutoa ruhusa hiyo. Kubadilisha maneno mawili matatu hakuondoi tatizo.
2. Tuhuma juu ya mtu aliye hai bila chanzo kinachoaminika.
3. Namba za simu, anwani za nyumbani na mambo ya siri ya watu.

Kama toleo lenyewe linapaswa kufichwa hata kwenye historia, mwite mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya kufuta na kuzuia. Mengine yote yanaweza kusubiri siku mbili bila dunia kuanguka: makala isiyo na chanzo, sifa zilizopitiliza, tahajia, kukosekana kwa jamii (yale makundi ya mada yanayoorodheshwa chini ya makala).

Hatua ya 3. Chagua kosa moja

Utakuta makosa manane. Chagua moja. Mpangilio ninaoufuata ni huu: chanzo kwanza, kisha ukweli wa jambo, kisha lugha ya sifa, kisha mpangilio wa aya. Jamii, viungo na tahajia viwe vya mwisho kabisa. Wahariri wenyeji wengi huanza na jamii kwa sababu kosa lake linaonekana haraka, na mgeni anabaki anaamini kwamba Wikipedia ni mchezo wa mabano ya mraba.

Yale madogo yarekebishe mwenyewe, umwambie umeyarekebisha. Lile kubwa ulilolichagua usiliguse hata kama vidole vinawasha, kwa sababu hilo ndilo somo lake.

*Onyo:* Usibandike vigezo vitatu vya lawama, yaani yale mabango ya tahadhari, juu ya makala ya mtu ya kwanza. Kwenye simu ndogo vigezo hivyo hujaza kioo kizima, na mwandishi akifungua kazi yake haoni hata neno lake moja.

Hatua ya 4. Salamu, na nani unamsalimu

Hapa ndipo vijana wangu wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina la mtumiaji halikuambii umri wala jinsia. "Mwanaziwa88" anaweza kuwa mwanafunzi wa kidato cha nne au bibi mwenye wajukuu. Usianze na "bro", usianze na "mdogo wangu", na usibahatishe "dada". "Habari za leo, ndugu" inamtosha yeyote. Akijitambulisha baadaye, badilisha.

Ukishajua ni mtu mzima kwako, mpe haki yake. Tulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Ukerewe aliyeandika historia ya kisiwa chake kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, ila kila aya ilisema "sisi Wakerewe" na "babu zetu". Kijana aliyepangiwa kumwangalia alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliniambia, "Siwezi kumwambia mzee kwamba amekosea." Nikamwambia asimwambie amekosea, amuulize. Akaandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nimesoma makala yako yote na nimejifunza mengi kuhusu kilimo cha Ukerewe. Naomba kuuliza jambo moja. Makala hii itasomwa pia na mtu wa Tanga au Kigoma ambaye si Mkerewe. Tukiandika 'sisi', huyo msomaji hatajua ni nani anayesema. Je, unaonaje aya ya kwanza tukiiweka 'Wakerewe' badala ya 'sisi'? Nikupe mfano ukipenda."

Mwalimu alibadilisha makala nzima usiku ule ule, bila kungoja mfano. Kijana hakuficha kosa. Alilitaja wazi, akampa na sababu, akamwachia mzee uamuzi. Ukimheshimu mtu mzima kwa shikamoo kisha ukanyamaza kuhusu kosa lake, umemwacha akosolewe na mtu mwingine ambaye hatamwamkia.

Hatua ya 5. Andika maoni yenyewe

Andika kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Mfano huu ni wa makala kuhusu Soko la Mwaloni, tuseme mwandishi aliandika: "Mwaloni ndilo soko kubwa na bora kuliko yote Afrika Mashariki, na wafanyabiashara wake ni wakarimu sana."

"Habari za jioni, ndugu. Karibu sana Wikipedia. Nimesoma makala yako kuhusu Soko la Mwaloni. Aya uliyoeleza jinsi dagaa wanavyoanikwa na kufungwa kwenye viroba imenisaidia kuelewa kitu ninachokiona kila siku. Nina ombi moja tu. Sentensi yako ya pili inasema Mwaloni ndilo soko kubwa na bora kuliko yote Afrika Mashariki. Msomaji wa Kisumu atauliza, nani amepima? Ukipata gazeti au ripoti inayotaja ukubwa wa soko, andika kiasi hicho na uweke chanzo. Usipopata, hii inatosha: 'Soko la Mwaloni liko Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela, na huuza hasa dagaa na samaki wa Ziwa Victoria.' Gusa penseli iliyo juu ya makala, badilisha sentensi hiyo moja, kisha chapisha. Nimeshaweka jamii na kusahihisha tahajia mbili, hizo usihangaike nazo. Ukikwama, jibu hapa hapa chini. ~~~~"

Tazama mambo manne humo. Sifa imetaja aya halisi. "Kazi nzuri, endelea" haimfundishi mtu chochote, maana hajui aendelee na nini. Sentensi yenye kosa imetajwa kwa maneno yake mwenyewe, asianze kuitafuta. Amepewa njia mbili, ya mwenye chanzo na ya asiye nacho, kwa sababu ukisema tu "weka chanzo" na chanzo hakipo, umemfungia mlango. Na ameambiwa aguse wapi.

Zile alama nne za mawimbi mwishoni ndizo zinazoweka jina lako na saa. Usizisahau.

*Onyo:* Usitupe majina ya sera kama vile mgeni anayajua. Eleza sera kwa sentensi moja ya kawaida, kisha weka kiungo kwa atakayependa kusoma zaidi.

Hatua ya 6. Hakikisha ameyaona

Wageni wengi hawajui kwamba wana ukurasa wa majadiliano. Kama mna namba za simu, mtumie ujumbe wa faragha: "Nimekuandikia kwenye ukurasa wako wa majadiliano, ukiingia utaona kengele juu." Usimkosoe kwenye kundi la WhatsApp, na usipige picha ya makala yake ukaitupa kwenye kundi ukisema "jamani tuepuke hivi". Nimeona mtu akiondoka kwenye kundi na kwenye Wikipedia kwa dakika moja.

Hatua ya 7. Rudi

Baada ya siku mbili tatu, fungua tena historia. Akiwa amerekebisha, mshukuru kwa kitufe cha shukrani kilicho kando ya badiliko lake, kisha mpe kazi ya pili. Iwe ndogo vile vile. Kwa huku kwetu kazi ndogo hazikauki. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa 19 Juni 2025, kwa hiyo mwambie atafute makala zinazosema bado linajengwa, au kwamba magari yanavuka hapo kwa kivuko, azirekebishe na kuweka chanzo. Au achukue kata moja aliyokulia, alinganishe idadi ya wakazi iliyopo kwenye makala na ile ya sensa ya 2022.

Anayejua kuliko vyanzo

Swali hili linastahili sehemu yake. Kijana mmoja wa Igombe, baba yake hununua sangara, aliandika aya tatu kuhusu mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo: namna bondo linavyotolewa, linavyosafishwa na kuanikwa, na jinsi mnunuzi anavyolishika na kulipapasa kabla ya kutaja bei. Mhariri mmoja akaondoa zote, na kwenye muhtasari wa badiliko akaandika maneno mawili: "Haina chanzo." Kwa kanuni alikuwa sahihi. Lakini kijana alisoma maneno yale kama kuambiwa kwamba baba yake ni mwongo, na alinipigia simu akiwa na hasira ya kweli.

Tulivyofanya ni hivi. Tuliketi na aya zile tukazichambua sentensi kwa sentensi. Kwamba sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria, kwamba alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, kwamba bondo ni kibofu chake cha hewa na huuzwa hadi Asia: hayo yote yameandikwa na watafiti, na vyanzo vilipatikana. Sentensi hizo zilirudi. Ustadi wa baba yake wa kutambua bondo zuri kwa kidole haukuwa na chanzo, kwa hiyo tuliuhamishia kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, uhifadhiwe hapo mpaka mtafiti au mwandishi wa habari auandike.

Kisha tukamwomba picha. Mtu akipiga picha yake mwenyewe ya mabondo yameanikwa juani, akaipakia Wikimedia Commons, hifadhi ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, kwa leseni huru, hahitaji gazeti lolote kumthibitishia kwamba alikuwepo. Sasa makala ina picha ambayo hakuna mhariri wa mjini angeweza kuipata.

Mkikutana na mtu wa namna hii, mwambie tangu mwanzo tofauti ya maneno mawili: "si kweli" na "bado hakijachapishwa". Wikipedia hukusanya yaliyokwisha kuchapishwa mahali panapoaminika. Ukimweleza hivyo kabla ya kuondoa sentensi yake, atakuelewa hata kama hatafurahi.

Makala zilizotafsiriwa na mashine

Utazitambua haraka: "benki ya ziwa" badala ya ukingo, sentensi ndefu zisizo na pumzi, majina ya samaki yaliyotafsiriwa neno kwa neno ilhali sisi tuna sato, furu, dagaa na sangara. Usimwambie "umetumia mashine", maana atakana na mazungumzo yatakufa. Mwombe asome aya moja kwa sauti, kisha aiandike upya kama angemweleza mtu aliyeketi naye kivukoni Kamanga. Aya moja. Akiimaliza vizuri, atajionea mwenyewe zilizobaki.

Programu za akili bandia zina hatari moja zaidi: hubuni vyanzo. Kichwa cha kitabu kinapendeza, mwandishi ana jina zuri, na kitabu hakipo. Mwambie afungue kila kiungo kimoja kimoja na akuonyeshe ukurasa wenye jambo lile. Kisichofunguka wala kupatikana maktaba, kiondoke pamoja na sentensi yake.

Ukikwama

*Hajibu.* Subiri wiki. Kisha rekebisha kosa mwenyewe, na uache ujumbe mmoja mfupi ukieleza ulichofanya. Usimwandikie mara tatu.

*Amekasirika.* Jibu jambo, acha ukali wake upite. Akiwa na haki hata kwa kiasi kidogo, anza jibu lako na hicho alicho na haki nacho.

*Amerudisha ulichoondoa.* Usitengue mara ya pili. Nenda kwenye majadiliano ya makala, andika sababu, umwite mhariri wa tatu asiye rafiki yako. Yale matatu ya Hatua ya 2 tu ndiyo hayangoji.

*Anaandika kuhusu yeye mwenyewe, biashara yake au kanisa lake.* Muulize kama kuna vyanzo viwili vitatu vya watu wasiohusiana naye vilivyoandika kwa kirefu. Kama havipo, mwambie mapema kwamba makala haitadumu, umpe kata yake au ziwa lake aandike. Ukimficha, ataumia zaidi ikifutwa baada ya kazi ya wiki nzima.

*Takwimu zinapingana.* Hutokea sana kwenye mambo mazito. Idadi ya waliofariki kwenye ajali ya MV Bukoba ya 21 Mei 1996 hutofautiana kati ya chanzo na chanzo. Mwelekeze aandike idadi zote mbili, kila moja na chanzo chake, na awe makini na lugha: hapa Mwanza bado kuna familia zinazokumbuka siku ile.

*Anaambiwa anwani yake ya mtandao (IP) imezuiwa, na hajafanya kosa.* Mara nyingi anatumia VPN (programu inayoficha anwani hiyo) au kivinjari kinachobana data, na anwani hiyo inatumiwa na watu wengi. Azime VPN, ajaribu kivinjari kingine. Ikishindikana, mpelekee mkabidhi ujumbe unaoonekana kwenye kioo, neno kwa neno.

*Siku ya mafunzo akaunti zinagoma kufunguka.* Mtandao mmoja una kikomo cha akaunti 6 kwa siku, kwa hiyo mtu wa saba kwenye Wi-Fi ya ukumbi atakwama. Waambie wote wajisajili nyumbani siku moja kabla, kwa bando zao, waje na majina yao ya watumiaji yameandikwa kwenye karatasi. Karatasi hizo zikusanye: ndizo zitakazokuonyesha, wiki inayofuata, nani wa kumwandikia kwanza.